Pima ya Taifa

Kwa kuwa nimeteuliwa kuandika Historia Rasmi ya Bandari ya Mkondoni, na kwa kuwa historia hiyo ilikuwa imekwisha kuidhinishwa na Wizara kabla sijaandika hata neno la kwanza, kazi yangu imekuwa nyepesi kuliko nilivyohofu. Nilipewa sura kumi na mbili, vichwa vyake vikiwa tayari, pamoja na idadi ya kurasa za kila sura. Nilichotakiwa ni kujaza katikati. Nimekuwa katibu wa bandari kwa miaka kumi na tisa, na kujaza katikati ndiyo kazi niliyoizoea.

Nchi yetu sitaitaja jina. Wanaoijua hawahitaji kuambiwa, na wasioijua wana bahati yao. Inatosha kusema kwamba haina bahari. Jambo hilo lilijadiliwa Bungeni kwa siku tatu, waheshimiwa wakalilaani vikali, kisha wakaazimia kwamba Mto Lwambe uhesabiwe kuwa bahari hadi itakapotangazwa vinginevyo. Ndiyo maana tuna Wizara ya Bahari. Na ndiyo maana mji wetu, ulio mwendo wa siku tisa kutoka kwenye maji yoyote ya chumvi, una Kamanda wa Jeshi la Majini, mtu mpole anayefuga bata.

Sura ya kwanza inahusu waanzilishi. Wageni walipanda mto kwa boti ya moshi, wakafika mahali pasipokuwa na mtu, wakawauliza watu wa pale panaitwaje, wakaandika "Mkondoni". Nilimwuliza Mheshimiwa Mkurugenzi wa Bandari kama ni sawa mahali pasipokuwa na mtu kuwa na watu wa kuulizwa. Aliniambia niache uchochezi. Nimeliacha kama lilivyo.

Lililo kweli kabisa katika sura hiyo ni habari za wapima maji. Mto wetu una mchanga unaohama, na nahodha akiwa kule juu kwenye usukani haoni kilicho chini. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kila meli ilikuwa na mtu wa kusimama mbele kabisa, ameshika upondo mrefu. Anauchovya, anasoma, anapaza sauti: "Pima nne. Pima nne. Pima tatu na nusu." Nahodha hatazami maji, anamsikiliza yeye. Na pima, kwa aliyesahau, ni urefu wa mikono miwili ya mtu mzima ikinyooshwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole.

Mpima maji wa mwisho aliitwa Kapaya. Baba yake alikuwa mpima maji, na babu yake pia, wote watu warefu wa mikono, na upondo wao ulikuwa na mistari ya rangi nyekundu aliyoichora babu kwa kujipima mwenyewe. Kapaya alikuwa na sauti isiyo na haraka. Akiwa mbele ya meli uliweza kumsikia ukiwa sokoni, na akina mama wauza dagaa walijua kina cha mto wakiwa wamekaa kwenye mikeka yao.

*

Taabu ilianza pale Serikali ilipoanzisha Shamba la Mfano kwenye milima ya juu ya mto. Miti yote ilikatwa ili shamba lionekane vizuri kutoka kwenye ndege ya Rais. Mvua ya kwanza ikanyesha, shamba likaondoka. Halikwenda mbali, lilikuja kwetu, likalala chini ya Mto Lwambe.

Kapaya akaanza kusema pima tatu mahali ambapo baba yake alisema nne. Mwaka uliofuata akasema mbili na nusu. Mwaka wa tatu akasema mbili, na akina mama sokoni wakainua vichwa.

Niliandika ripoti. Wizara ilijibu kwa kuuliza kama mpima maji huyo amewahi kuhakikiwa uzalendo wake. Niliandika tena. Ikaja waraka kwamba ni marufuku kwa mto wowote wa taifa kupungua bila kibali cha maandishi. Niliubandika ukutani gatini, upande unaotazama maji, kama nilivyoagizwa.

Hatimaye Mkurugenzi alikuja mwenyewe kuongoza kikao cha dharura. Yeye ni Mheshimiwa Daktari Mhandisi Gwasuma Itolero, na udaktari wake aliupata kihalali kwenye chuo alichokifungua. Kikao kilichukua siku mbili. Siku ya kwanza kilijadili nani akae wapi. Siku ya pili Mkurugenzi alisimama na kutoa hotuba ambayo nimeinakili yote katika Sura ya Tisa, lakini hapa nitatoa kipande tu.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumeuchunguza mto, tukaukuta hauna tatizo. Mto ni uleule. Tatizo ni pima. Hii pima tunayoitumia ni ya nani? Ni ya mikono ya nani? Nani aliipigia kura? Tunaupima mto huru kwa mikono ya watu waliokufa chini ya utawala wa kigeni. Halafu tunashangaa kwamba hautoshi."

Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga, kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele.

Ikaamuliwa kwamba taifa liwe na pima yake, na kwamba ichukuliwe kwenye mikono ya Mkurugenzi, mbele ya umma, gatini, saa nne asubuhi. Bendi ya magereza ilipiga. Mafundi wawili wa kushona walishika kamba, mmoja kila upande. Sasa, siku hiyo Mheshimiwa alikuwa amevaa koti alilopewa na wageni katika ziara ya nje, koti zuri sana, ila lilimbana kwapani. Alifungua mikono mpaka pale koti liliporuhusu, kama mtu anayeonyesha ukubwa wa sungura aliyemkosa. Fundi mmoja alinong'ona, "Mheshimiwa, nyoosha kidogo." Mheshimiwa akamtazama. Kamba ikakatwa hapohapo.

Ilikuwa nusu ya pima ya Kapaya. Walipoulazimisha mto upimwe upya siku iliyofuata, ulikuwa na pima nne kamili. Gazeti la Serikali likaandika kwamba mto umeongezeka maradufu bila tone la mvua.

*

Kapaya aliitwa ofisini kukabidhi upondo wa zamani ili uwekwe makumbusho, na kupokea mpya wenye mistari ya kijani iliyosogeleana. Nilikuwepo, nikiandaa hati ya makabidhiano.

"Mheshimiwa," alisema, akiugeuza ule mpya mikononi, "mimi nimeelewa. Pima ni hii. Lakini maji hayajui."

"Yataelimishwa," Mkurugenzi alimjibu.

"Na meli je? Kitabu cha Ahadi kinasema ikijaa mzigo inataka pima moja ya maji. Hiyo iliandikwa kwa pima ya zamani. Nikisema pima moja kwa upondo huu, itakuwa nusu. Meli itakaa kwenye mchanga."

Ahadi ndiyo meli yetu, na ndiyo pekee. Mkurugenzi alimweleza kwa upole kwamba kitabu cha meli kiko chini ya Wizara ya Uchukuzi, na pima iko chini ya Wizara ya Bahari, na wizara hizo mbili hazijasemeshana tangu ugomvi wa maegesho. Kisha akaniagiza niandike waraka. Niliuandika vizuri, ninaukumbuka wote: Kuanzia sasa neno "zamani" lisitumike pamoja na neno "pima", kwa kuwa pima ni moja. Barua yoyote itakayokiuka irudishwe kwa mwandishi kwa masahihisho.

Mwaka mmoja haukutokea msiba, na hilo ndilo lililowapa watu moyo. Nahodha wa siku hizo alikuwa mtu wa palepale mtoni. Kapaya akisema pima nne, yeye kimoyomoyo anagawa kwa mbili. Lakini huyo alistaafu, na makao makuu yakatuletea Nahodha Mbarika, kijana nadhifu aliyefaulu mitihani yote ya kitabu na aliyeuona mto kwa mara ya kwanza siku aliyokuja kuripoti.

*

Ndipo ikawadia Sherehe ya Miaka Mia ya Bandari. Iliamuliwa ijengwe sanamu ya Mkurugenzi akiwa amefungua mikono, kwa kumbukumbu ya Pima ya Taifa. Ilifinyangwa kwa saruji na nondo, ikiwa na koti. Ingepakiwa kwenye Ahadi na kupelekwa gati la chini, mwendo wa saa tatu, ikisindikizwa na Kwaya ya Akina Mama wa Bandari, watu arobaini, wenye sare za kitenge cha bluu. Mwalimu wao, Desideria, aliwafanyisha mazoezi kwa majuma sita. Walijua kwamba wakikaribia gati watasikia neno moja, "simama", na hapo wote watasimama kwa pamoja na kuimba wimbo wa taifa.

Siku tano kabla ya safari, tarehe tisa, Kapaya alikuja ofisini kwangu. Alivua kofia, akakaa pale kwenye benchi, akanipa barua. Iliandikwa kwa penseli, herufi kubwa, kwenye karatasi ya daftari la shule. Hii hapa, neno kwa neno:

"Tarehe tisa. Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi. Naomba nirudishiwe upondo wa pima ya zamani kwa siku moja tu ya sherehe. Kama haiwezekani, naomba Nahodha Mbarika aelezwe kwamba pima moja ya sasa ni nusu. Pale kwenye kona ya Kono maji ni nusu pima ya zamani na sanamu ni nzito. Kama hayo yote hayawezekani, naomba basi aelezwe kwamba nikimwambia simama, asimamishe meli. Mimi mtumishi wako, Kapaya."

Niliisoma mbele yake. Nilimwonyesha kwamba ametumia "pima ya zamani" mara mbili.

"Nisemeje basi, Katibu?" aliuliza.

"Tafuta neno lingine."

Alifikiri. "Hakuna lingine. Ndiyo ilivyo."

"Barua hii siwezi kuipeleka hivi, Mzee Kapaya. Itanirudia mimi."

"Basi nenda umwambie tu kwa mdomo."

Nikamwambia nitaona. Alinishukuru. Aliponyanyuka nilimwuliza kwa nini asijifanye mgonjwa siku hiyo, akae nyumbani. Akasema, "Nikikaa watampa upondo mtu asiyejua kabisa. Na shemeji yangu yumo kwenye kwaya."

Alipotoka nilichukua kalamu nyekundu. Nilisahihisha tahajia mahali pawili. Penye "pima ya zamani" nilipiga mstari. Kando ya ile sentensi ya mwisho niliandika: Haieleweki, fafanua. Nikaiweka kwenye jalada la Yanayosubiri Masahihisho. Kwa mdomo sikumwambia mtu. Siku ya kwanza Mkurugenzi alikuwa na wageni, siku ya pili alikuwa amekasirika, siku ya tatu alikuwa amefurahi nami sikutaka kumharibia. Niliogopa. Sina neno la ofisini la kuweka hapo.

*

Yaliyotokea tarehe kumi na nne nimeyapata kwa waliotoka majini.

Ahadi iliondoka ikiwa imezama karibu hadi ukingoni, sanamu ikiwa katikati, mikono nusu wazi, kwaya pande zote mbili kwenye viti vya kukodi. Kapaya alikuwa mbele. Walipokaribia kona ya Kono alichovya upondo akasema, "Pima moja." Nahodha Mbarika akaangalia kitabu, kitabu kikasema pima moja inatosha. Akaendelea.

Kapaya akageuka, akasema tena kwa nguvu, "Pima moja ya taifa, Nahodha. Ya taifa."

Nahodha alidhani ni salamu. Akapiga honi, na akina mama wakapiga vigelegele.

Hapo Kapaya alitupa upondo, akainua mikono yake yote miwili, akapaza ile sauti yake iliyokuwa ikifika sokoni: "Simama."

Kwaya ikasimama. Wote arobaini, kwa pamoja, kama walivyofundishwa, wakavuta pumzi ya kuanza wimbo. Wakati huohuo meli ikakwama kwenye mchanga, wakatupwa upande mmoja, na sanamu ikakata kamba. Ahadi ililala ubavu. Sanamu iliangukia mbele kwenye mchanga, watu wakaangukia ubavuni, kwenye mkondo wenye kina.

Walikufa ishirini na tatu. Kapaya alionekana akimvuta mtu mmoja hadi kwenye mchanga, halafu mwingine, halafu akarudi na hakuonekana tena. Sanamu imesimama palepale hadi leo, kwa kuwa iliangukia miguu yake. Maji yanaifika kiunoni. Ukitaka kujua kina cha mto wetu unaitazama tu, na ndege wamezoea kukaa kwenye mikono yake.

*

Tume ya Uchunguzi iliundwa, mwenyekiti wake Mkurugenzi, katibu wake mimi. Ilimaliza kazi kabla ya saa sita mchana. Mto haukukutwa na kosa. Pima haikukutwa na kosa. Meli, kabla ya kupinduka, haikuwa na kosa. Ikabaki kumtafuta mtu.

Mwalimu Desideria aliitwa, mkono wake ukiwa bado umefungwa bandeji.

"Marehemu Kapaya alisema simama?" Mkurugenzi aliuliza.

"Alisema, Mheshimiwa."

"Nanyi mkafanya nini?"

"Tulisimama. Ndivyo nilivyowafundisha. Lakini mimi nadhani yeye alikuwa anamwambia..."

"Kudhani hakumo katika hadidu za rejea, Mwalimu. Asante."

Mashahidi kumi na saba walisema hivyohivyo, na wote walisema kweli. Niliandika kila neno. Barua ilikuwa kwenye kabati nyuma ya kiti changu, hatua mbili. Kisha nikaandika uamuzi: kwamba mpima maji aliwaamuru abiria kusimama, na kwa kufanya hivyo akaipindua meli ya Serikali.

Mbao mbili zilisimamishwa kwenye lango la bandari. Moja imeandikwa MASHUJAA, ina majina ishirini na mawili. Nyingine imeandikwa MHUSIKA, ina moja.

Mjane wa Kapaya anaitwa Bi Nyamizi. Shemeji ambaye Kapaya alimtaja alikuwa mdogo wake Bi Nyamizi, wa kuzaliwa tumbo moja, naye yumo kwenye ubao wa kwanza. Kwa hiyo Bi Nyamizi alifiwa mara mbili, na hakuna aliyekwenda kumpa pole hata mara moja. Akiteremka mtoni kuchota maji, wanawake wanainua ndoo zao na kusogea. Alimpikia chakula Shida, binti wa yule mdogo wake, akampelekea. Sahani ilirudi na kawa lake juu, haijaguswa.

Alikuja ofisini kwangu wiki ya pili baada ya msiba.

"Katibu," alisema, "mume wangu alikuwa na barua. Aliiandika siku mbili, hakuwa mtu wa kuandika. Aliniambia anaileta kwako. Nataka kujua kama ilifika."

"Nitaangalia kwenye majalada, mama."

Alikuja wiki ya tatu, nikamwambia bado naangalia. Alikuja wiki ya nne, akakaa kwenye benchi lilelile, mahali palepale, akaondoka.

Siku hiyohiyo Mkurugenzi alinikumbusha Sura ya Kumi na Mbili. Kichwa chake kilikuwa tayari: Kosa la Kapaya na Ustahimilivu wa Bandari. Kurasa nane. Nilikaa mezani nikaandika kwamba tangu kuanzishwa kwake bandari hii imekuwa na wapima maji watatu wa ukoo mmoja, na kwamba kwa karibu miaka mia hakuna meli iliyopotea mikononi mwao. Sentensi hiyo ilikuwa kweli, na baada yake hapakuwa na kitu ambacho ningeweza kujaza. Nikafungua kabati.

*

Nyumba ya Bi Nyamizi iko nyuma ya maghala ya bandari. Nilimkuta uani akichambua mchele. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikamwambia barua imepatikana.

"Nisomee," alisema.

Nilisoma. Nilipofika "nikimwambia simama, asimamishe meli", mikono yake iliacha kwenda. Hakulia. Aliweka ungo chini.

"Rudia pale juu. Ya lini?"

"Tarehe tisa."

"Meli iliondoka kumi na nne."

"Ndiyo, mama."

"Siku zote hizo ilikuwa wapi?"

"Kwangu."

Alinyoosha mkono, nikampa. Hajui kusoma, lakini aliitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu ya yale maandishi yangu mekundu, ambayo hata asiyejua kusoma angeona si ya penseli.

"Uliisoma?"

"Niliisoma. Nilisahihisha tahajia."

Nilisubiri anitukane. Nadhani nilikuwa nimekwenda kutukanwa, nirudi nyumbani nikiwa mwepesi kidogo. Badala yake alinirudishia barua, akasimama, akafunga kanga kiunoni, akaenda kwenye mlango wa ua. Akaanza kuwaita majirani, mmoja mmoja kwa jina, wale waliofiwa. Wa kwanza hakuitika. Akamwita tena. Wakatoka taratibu, wakasimama nje ya ua bila kuingia: Mwalimu Desideria na bandeji yake, wanaume wawili waliofiwa na wake zao, mzee mmoja aliyefiwa na binti. Shida alikuja wa mwisho, akasimama nyuma yao, amekunja mikono, akitazama pembeni.

"Huyu ni Katibu wa bandari, mnamjua," Bi Nyamizi aliwaambia. "Ana barua ya Kapaya. Atawasomea. Akimaliza atawaambia mwenyewe ilikuwa wapi."

Akanisogezea kigoda mpaka katikati ya mlango, mahali ambapo kila mtu angeniona, akaenda kusimama nyuma karibu na Shida.

Nilikaa. Nikaomba maji, na hakuna aliyekwenda kuyaleta. Nikaifungua karatasi, nikaanza na tarehe.